JINA LA ANSARI: ASILI YAKE, MAANA YAKE, NA WENYE KULICHUKUA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, somo letu la mara hii lina sababu yake. Jioni moja baada ya sala ya Magharibi tulikuwa katika darsa, na kitabu kilicho mbele yetu ni Fat-hul Wahhab. Kijana mmoja akalitazama jina la mtungaji, Sheikh Zakariyya Al-Ansari, kisha akauliza: "Sheikh, mtungaji huyu ni ukoo mmoja na wale kina Ansari wenye duka la nguo?" Kabla sijamjibu, mwenziwe akadakia: "Wale si Ansari wa kweli. Wale ni wafumaji tu wa Bara Hindi, jina wamejipachika." Watu wakacheka.

Mimi sikucheka, kwani katika juma lile lile mzee mmoja alikuwa amenijia nyumbani kutaka shauri. Kijana wa watu hao hao alikuwa ameleta posa kwa binti yake. Binti ameridhika, na kijana mwenyewe twamjua sote kwa sala zake na kwa uaminifu wake katika biashara. Lakini jamaa za yule mzee wamemkalia kitako, wamwambia: "Utamwozaje mwanao mtu ambaye babu zake walikuwa wakifuma nguo, na nasaba yake haijulikani?" Basi nikaona kwamba kicheko cha darsani na uzito wa mzee yule ni maradhi mamoja, na dawa yake ni kuijua asili ya jina lenyewe.

MAANA YA JINA

Neno hili latoka katika asili ya Kiarabu ya nun, sad na ra, yenye maana ya kunusuru, yaani kusaidia na kutetea. Mwenye kunusuru ni nasir, na wakiwa wengi ni ansar. Mtu akinasibishwa nao huitwa Ansari.

Mwanafunzi wa nahau atauliza: je, kanuni si kurudisha neno kwenye umoja wake kwanza, ndipo tutie ya ya nisba? Naam, hiyo ndiyo kanuni. Lakini wanavyuoni wa lugha wamesema kwamba neno la wingi likishakuwa jina maalumu la watu fulani, nisba hujengwa juu ya wingi huo huo, na mfano wanaoupiga ni huu wa Ansari. Maana yake ni kwamba neno "wasaidizi" lilikwisha kuwa jina la watu makhsusi, likisemwa hakuna anayeuliza ni wasaidizi gani.

ASILI YAKE

Watu hao ni makabila mawili ya mji wa Yathrib, Aus na Khazraj. Wajuzi wa nasaba huwahesabu kuwa ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na asili yao ni Azd wa Yemen. Juu ya udugu huo walipigana vita kwa miaka mingi, na vita vyao vya mwisho vikubwa, vya Bu'ath, vilikuwa karibu na mwaka 617, miaka mitano hivi kabla ya Hijra. Waliuawa humo wakubwa wa pande zote mbili.

Mwaka 621 watu kumi na wawili wa Yathrib walikutana na Mtume (S.A.W.) pale Aqaba, karibu na Makka, wakafungamana naye. Mwaka wa pili, 622, wakaja wanaume 73 na wanawake 2, Nusaiba binti Kaab na Asmaa binti Amr, wakaahidi kumlinda kama wanavyowalinda watu wa nyumba zao. Kisha Mtume akahamia kwao, na mji ukaitwa Madina.

Tazama sasa lililotokea. Watu waliokuwa wakijifakhiri, huyu kwa Uaus wake na huyu kwa Ukhazraj wake, walipewa jina moja juu ya vichwa vyao wote. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Anas bin Malik, naye ni mmoja wao, aliulizwa kama jina la Ansar walikuwa wakijiita wenyewe zamani au walipewa na Mwenyezi Mungu. Akajibu kwamba ni Mwenyezi Mungu aliyewaita hivyo. Na jina hilo limetajwa katika Kurani, katika Suratut Tawba, aya ya 100 na aya ya 117.

Basi ndugu zangu, lishikeni jambo hili, kwani ndilo kiini cha somo letu: jina la Ansar halikutolewa kwa damu, lilitolewa kwa kitendo. Baba yao hakuitwa Ansari. Waliitwa Ansari kwa kuwa walinusuru.

Na kunusuru kwao hakukuwa kwa maneno. Saad bin Rabii, aliyeunganishwa udugu na Abdurrahman bin Auf, Muhajiri aliyeacha mali yake Makka, alitaka kumpa nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe njia ya soko tu. Abu Ayyub, jina lake Khalid bin Zaid, alimkaribisha Mtume nyumbani kwake mpaka ukajengwa msikiti na vyumba vyake. Abu Ayyub huyo aliishi hata uzeeni akatoka na jeshi lililouzunguka mji wa Konstantinopoli, akafa huko karibu na mwaka 52 wa Hijra. Kaburi lake liko Istanbul, katika mtaa unaoitwa kwa jina lake.

UCHACHE WAO NA WINGI WA JINA

Alipofariki Mtume (S.A.W.) katika mwaka wa 11 wa Hijra, Ansar walikutana katika ukumbi wa Bani Saida, na shauri lilipokatika, ukhalifa ulikwenda kwa Makureshi. Ansar wakampa mkono Abubakar. Hawakupata ufalme, na wengi wao walikufa katika vita vya jihadi. Kisha mwaka 63 wa Hijra, 683 kwa tarehe ya miladi, jeshi la Yazid bin Muawiya liliingia Madina katika siku ya Harra, likawaua wengi miongoni mwa wana wao.

Na Mtume alikwisha kulisema jambo hili. Katika khutuba yake ya mwisho juu ya mimbari, naye mgonjwa, amefungwa kitambaa kichwani, aliwausia watu juu ya Ansar, akatoa khabari kwamba watu watazidi na Ansar watapungua, hata wawe mfano wa chumvi katika chakula. Hadithi hii pia imo katika Bukhari.

Ajabu sasa ni hii. Watu wenyewe wamepungua kama chumvi, na jina lao limeenea ulimwengu mzima. Katika Andalusi, wafalme wa Granada wa ukoo wa Bani Nasr, ambao dola yao ilikwisha mwaka 1492, walijinasibisha na Saad bin Ubada, bwana wa Khazraj. Imam Al-Qurtubi mwenye tafsiri, aliyefariki mwaka 671 wa Hijra, ni Ansari. Ibn Hisham wa Misri, ambaye kitabu chake Qatrun Nada husomeshwa watoto wetu katika nahau, ni Ansari. Naye alifariki mwaka 761. Sheikhul Islam Zakariyya, ambaye kitabu chake ndicho kilichozua swali letu, ni Ansari wa Misri, na alifariki mwaka 926. Kule Herat, katika nchi ya Afghanistan ya leo, aliishi Sheikh Abdullah Al-Ansari, aliyefariki mwaka 481, na nasaba yake yahesabiwa kwa Abu Ayyub. Na huko Lucknow katika Bara Hindi, maulamaa mashuhuri wa Firangi Mahal hujihesabu kuwa ni katika kizazi cha sheikh huyo wa Herat.

Hawa wote ni watu wa nasaba, au watu waliodai nasaba. Lakini wao si sababu ya jina hili kuwa miongoni mwa majina yaliyoenea mno kwa Waislamu wa Bara Hindi. Sababu ya hilo ni nyingine.

WAFUMAJI WA BARA HINDI

Kwa karne nyingi, katika nchi za Bihar na Uttar Pradesh za leo, katika miji kama Banaras, Mau na Mubarakpur, waliishi Waislamu ambao kazi yao ni kufuma nguo kwa mkono. Watu waliwaita Julaha, yaani wafumaji. Jina hilo halikuwa la kazi peke yake, lilikuwa tusi. Masharifu wa huko, yaani wale waliojigamba kwamba asili yao ni Uarabuni, Uajemi au Uturuki, waliwaweka chini, wakawafanyia methali na mizaha ya kuwafanya wapumbavu. Waislamu waliosali safu moja hawakula pamoja wala hawakuozana.

Kisha katika karne ya 19 zikaja nguo za mashine kutoka Uingereza, rahisi kuliko za mkono, na wafumaji wengi wakaingia katika ufukara. Wengine walihama makwao, hasa baada ya mwaka 1857, wakaenda kukaa katika miji kama Malegaon na Bhiwandi katika upande wa Bombay. Na serikali ya Kiingereza nayo ilipokuwa ikihesabu watu, ilimwandika kila mtu na tabaka lake. Basi lile tusi la mtaani likawa limo katika daftari la serikali.

Hapo ndipo, tangu mwisho wa karne ya 19 na katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, walipoanza kulikataa jina la Julaha. Walijiita Momin, yaani Muumini, na walijiita Ansari. Waliunda jumuiya yao, wakafungua vyuo, wakadai waandikwe kwa majina hayo. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Abdul Qaiyum Ansari wa Bihar, aliyezaliwa mwaka 1905 na kufariki mwaka 1973. Alikuwa mpinzani wa kugawanywa kwa Bara Hindi, na baadaye alikuwa waziri katika serikali ya Bihar. Na katika zama zizo hizo alikuwako tabibu Mukhtar Ahmad Ansari, aliyefariki mwaka 1936, ambaye mwaka 1927 alikuwa raisi wa chama cha Congress. Huyu ni wa ukoo wa Ghazipur wenye kujihesabu kwa nasaba ya Madina tangu zamani. Majina yao ni mamoja, na njia za majina ni mbili.

Walipofanya hivyo wafumaji, baadhi ya watu wa tabaka la juu walikasirika, na wako wanavyuoni walioandika kuwapinga. Lakini jina halikurudi nyuma. Mwaka 2023 nchi ya Bihar ilipotangaza hesabu ya watu wake kwa matabaka, watu wa jamii hii ya Momin Ansari walionekana kuwa zaidi ya milioni 4 na nusu katika watu milioni 130 na ushei. Na hiyo ni Bihar peke yake. Wako wengine wengi katika nchi jirani, na Pakistan.

JE, WAMEKOSA?

Hapa yatupasa kusema kwa uadilifu, wala tusimpendelee mtu.

Kwanza, kudai nasaba isiyo yako ni jambo la haramu, na halina mlango wa kupenyea. Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Suratul Ahzab, aya ya 5, tuwaite watu kwa baba zao. Na imesihi kwa Mtume (S.A.W.) kwamba mwenye kujinasibisha kwa asiyekuwa baba yake, naye ajua, pepo ni haramu kwake. Mwenye kusema, "Mimi ni kizazi cha Saad bin Ubada," na ajua kwamba si kweli, amejitia katika onyo hilo. Na onyo hilo si la Bara Hindi peke yake. Hapa pwani petu pia wamo waliolala jana kwa jina la babu zao, wakaamka leo kwa nisba ya Hadhramaut au ya Shiraz, na shajara mpya ukutani ambayo wino wake haujakauka.

Pili, si kila mwenye kuchukua jina amedai damu. Nisba kwa Waarabu ina njia nyingi. Mtu hunasibishwa kwa kabila, na kwa mji, na kwa kazi, na kwa madhehebu. Twasema fulani ni Shafii, wala hatuna maana kwamba Imam Shafii ni babu yake. Na neno ansar lenyewe Kurani imelitumia kwa wasiokuwa watu wa Madina: katika Suratus Saff, aya ya 14, Waislamu wote wameamriwa wawe ansar wa Mwenyezi Mungu, na wakapigiwa mfano wa wanafunzi wa Nabii Isa, waliokubali kuwa wasaidizi wake. Huko Sudan, wafuasi wa Mahdi waliitwa Ansar tangu karne ya 19, na hakuna aliyedhani kwamba wote wametoka Yathrib. Basi mfumaji aliyejiita Ansari kwa kutumai kufuata mwendo wa watu wale, bila ya kudai damu yao, hatuna la kumlaumu.

Tatu, nalo ndilo ninalotaka liingie nyoyoni: yuko mwenye makosa makubwa zaidi, naye hatajwi. Ni yule aliyemdharau Muislamu mwenziwe hata akamfanya alionee haya jina la kazi ya baba yake. Mtu haikimbii nyumba ambayo haijatiwa moto. Laiti Masharifu wa Bara Hindi wangemtukuza mfumaji kama Uislamu ulivyomtukuza, asingekuwa na haja ya kutafuta jina Madina.

Na kufuma kuna aibu gani? Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa mji ule hazina mfano, na zilikuwa zikipelekwa mpaka Misri. Huo ulikuwa ni utukufu wa pwani yetu, nao ulitoka mikononi mwa wafumaji. Sala haisihi bila ya sitara, na sitara ni kazi ya mfumaji. Na siku tutakapokufa, sharifu na asiyekuwa sharifu, sote tutakunjwa katika kitambaa kilichofumwa.

MAS-ALA YA KUFUU

Atasema msemaji: lakini vitabu vyetu vya Kishafii vimetaja kufuu, na vimetaja kazi. Ni kweli, hatufichi. Katika Minhaj ya Imam Nawawi imetajwa kwamba mwenye kazi duni si kufuu ya binti wa mwenye kazi bora, na miongoni mwa waliotajwa ni mfagiaji, na mpiga chuku, na mchungaji. Lakini soma na yaliyobaki. Kufuu si sharti la kusihi kwa nikahi. Ni haki ya mwanamke na walii wake, na wakiridhika kuiacha, ndoa ni sahihi bila ya shaka. Na wanavyuoni wamesema kwamba desturi ya mji huangaliwa katika mambo ya kazi. Je, katika miji yetu ya leo, ni nani anayemdharau mwenye duka la nguo kwa kuwa babu yake alizifuma?

Tena sikilizeni khabari hii, ambayo imepokewa na Abu Daud kwa Abu Huraira. Palikuwa Madina na mtu akiitwa Abu Hind. Alikuwa mtumwa aliyeachwa huru wa Bani Bayadha, na kazi yake ni kupiga chuku, nayo ni mojawapo ya kazi zile zile zilizotajwa kuwa ni duni. Yeye ndiye aliyempiga chuku Mtume (S.A.W.). Mtume akawaamuru Bani Bayadha wamwoze Abu Hind na waoane naye.

Na Bani Bayadha ni nani? Ni ukoo katika Khazraj. Ni Ansar wenyewe, wa damu na wa kitendo, wasio na shaka. Ikiwa Ansar wa Madina waliamriwa kumwoza mpiga chuku, basi sisi ni nani wa kumfungia mlango kijana mwema kwa sababu babu yake alikaa katika mtambo wa kufumia?

JIBU KWA WALIOULIZA

Kijana wa darsani nilimjibu hivi: Sheikh Zakariyya na watu wa duka la nguo, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye kama damu zao zakutana. Jina lao lakutana, na jina hilo ni amana kwa mwenye kulichukua. Na yule mwenziwe aliyecheka nilimwambia: wewe huulizwi kama wao ni Ansari wa kweli, utaulizwa ni nani uliyemnusuru. Suratul Hujurat imetufunza, katika aya ya 11, tusidharauliane wala tusiitane kwa majina mabaya. Na katika aya ya 13, kwamba makabila yamewekwa tupate kujuana, na mbora wetu mbele ya Mwenyezi Mungu ni mwenye kumcha zaidi.

Ama yule mzee, nilimsomea hadithi ya Abu Hind. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Na jamaa zangu nitawaambia nini?" Nikamwambia: "Waambie wewe ndiwe walii, na binti ameridhika, na dini ya kijana wameiona kwa macho yao. Wakikuuliza nasaba yake, waulize wao: Bani Bayadha walipoamriwa, je, walitaka shajara ya Abu Hind?" Akaondoka, na shauri ni lake.

Ndugu Waislamu, kila mmoja wetu analo jina alilorithi, la mji au la kabila au la babu. Lililo zuri tulishukuru, na tusiongeze ndani yake uwongo. Lililo nyonge machoni pa watu tusilionee haya. Na jina la Ansari, tukilitamani, mlango wake ungali wazi: ni kumtetea mnyonge, na kumkaribisha mgeni, na kumpa ndugu nafasi katika mali na katika nyumba. Watu wa Madina hawakuanza kwa jina. Walianza kwa kitendo, na jina likawafuata.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wasaidizi wa dini yake, na azitakase nyoyo zetu na kiburi cha nasaba. Wabillahit tawfiq.